Kupaka Rangi Vijisanamu vya Michezo ya Mezani: Mwongozo Kamili wa Kumaliza Sanduku Zima

Sanduku la mchezo wa mezani wa HeroQuest, lile la mwaka 1989 ambalo Milton Bradley ililitengeneza kwa kushirikiana na Games Workshop ya Uingereza, lina vijisanamu 35. Mashujaa ni wanne: mbabe wa upanga, mbilikimo wa shoka, elfi na mchawi. Maadui ni 31: maorki wanane, magoblini sita, Fimir watatu (majitu ya jicho moja), askari wanne wa deraya na mchawi wao mmoja, gagoili mmoja, viunzi vinne vya mifupa, mazombi wawili na maiti wawili waliozongwa sanda. Kiwandani vimetoka na rangi za makundi tu, orki na goblini wote kijani kilekile, wafu wote weupe. Ndiyo maana kazi ya mchongaji haionekani. Meno yapo, misuli ipo, mikunjo ya majoho ipo, ila plastiki ya rangi moja huyameza yote.

Nalitumia sanduku hili kama mfano kwa sababu lina karibu kila kitu utakachokutana nacho katika michezo ya namna hii: mifupa, ngozi, nguo na chuma. Mwaka 2020 Hasbro ilitangaza kulirudisha upya chini ya jina la Avalon Hill, hivyo asiye na la zamani anaweza kutafuta jipya. Ukiwa na Zombicide, Descent au mchezo mwingine, hatua ni zilezile.

Mwongozo huu una shabaha moja: sanduku zima lipakwe na lichezwe. Kijisanamu cha mashindano hutazamwa kwa lenzi. Cha mchezo hutazamwa kutoka upande wa pili wa meza, chini ya taa ya sebuleni, na mtu anayefikiria zamu yake. Kwa umbali huo, mistari myembamba na mchanganyiko laini wa rangi hupotea. Kinachobaki ni tofauti ya mwanga na kivuli. Karibu kila hatua hapa chini ni njia ya kuikuza tofauti hiyo: mashimo yawe meusi kuliko unavyodhani yanafaa, na kingo ziwe na mwanga kuliko unavyothubutu.

Vifaa

Brashi tatu zinatosha. Ya kwanza ni ya mviringo, namba 1 au 2, yenye ncha inayokutana vizuri ikilowa; hiyo itabeba sehemu kubwa ya kazi. Ya pili ni namba 0 kwa nyuso na mikanda. Ya tatu itafute kwenye duka la vipodozi: brashi ndogo, laini, ya duara, ile ya kupakia rangi ya kope. Hakuna brashi bora kuliko hiyo kwa kazi ya brashi kavu, yaani kupitisha brashi iliyofutwa karibu rangi yote ili ishike kingo tu, na bei yake ni ndogo.

Wanaoanza hukimbilia namba 000 wakidhani udogo wa brashi ndio usahihi. Brashi ndogo mno hubeba rangi kidogo, na rangi hiyo hukauka nchani kabla hujaifikisha mahali pake. Usahihi unatoka kwenye ncha, na namba 2 nzuri ina ncha kali kuliko 000 mbovu. Waliobobea husifu brashi za nywele za kolinsky (mnyama mdogo wa jamii ya kicheche), kama Series 7 za Winsor & Newton, ambazo asili yake ni agizo la Malkia Victoria mwaka 1866. Sifa hizo ni za kweli, lakini kwa sanduku la kwanza tumia za sinthetiki. Ncha zake hupinda baada ya muda. Ikipinda, ishushe daraja iwe ya kuchanganyia rangi, na uchukue nyingine.

Rangi ni akriliki ya maji. Citadel ya Games Workshop, Vallejo ya Hispania na Army Painter ya Denmark ndizo zinazotumika sana, na zote ni nzuri. Usinunue seti ya chupa 50. Anza na nyeupe, nyeusi, nyekundu, buluu, manjano, kahawia iliyoiva, kahawia nyepesi, rangi ya mfupa, kijani kilichoiva, rangi ya chungwa, fedha ya chuma na dhahabu. Ongeza woshi mbili, yaani rangi za majimaji zinazotiririka na kutulia kwenye mashimo: moja kahawia, moja nyeusi. Kwa Citadel hizo ni Agrax Earthshade na Nuln Oil.

Katika miji yetu mingi rangi hizi hazipatikani kirahisi, na wengi huziagiza au humtuma ndugu anayesafiri. Chupa ndogo za akriliki hazina shida. Makopo ya rangi ya kupuliza ni jambo jingine: yana gesi inayoshika moto na hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, kwa hiyo usimtwishe mtu mzigo huo. Akriliki za maduka ya vifaa vya sanaa zinafaa pia, ila chembe zake ni kubwa zaidi na utahitaji tabaka moja au mbili za ziada. Rangi ya ukutani iache ukutani, maana ni nzito na huziba kila mchongo. Rangi za maji za watoto hutoka kwa kidole chenye jasho.

Vitu vingine unavyo nyumbani au viko duka la jirani: kisu kidogo cha ufundi, tupa ndogo au msasa laini, gundi kali ya matone, mswaki wa zamani, vizibo vya chupa, karatasi za jikoni, na vikombe viwili vya maji. Cha pili ni cha rangi za chuma peke yake. Rangi hizo zina vipande vidogo vinavyong'aa, na vikiingia kwenye maji ya kawaida, ngozi ya elfi wako itametameta.

Taa nayo ni kifaa. Chagua taa nyeupe ya LED na uiweke upande wa mkono usioshika brashi. Balbu ya manjano hudanganya: utachanganya kijani usiku, asubuhi ukute ni kingine.

Kuandaa plastiki

Kwanza osha. Vijisanamu vingi hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta yanayotumika kuvitoa kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Maji vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki, kisha viache vikauke usiku kucha.

Michezo mingi ya siku hizi hutumia plastiki laini, na panga hufika zimepinda. Chemsha maji, yatoe jikoni, zamisha upanga kwa sekunde 10 hadi 20, unyooshe kwa vidole, kisha uzamishe mara moja kwenye maji ya baridi sana ukiwa bado umeushikilia. Baridi ndiyo inayoufunga. Ukiruka maji ya baridi, upanga utarudi ulikokuwa.

Halafu tafuta mishono ya kalibu, ule mstari mwembamba unaozunguka kijisanamu pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye plastiki tupu hauonekani sana. Ukishapaka rangi, na hasa ukitumia brashi kavu, utajitokeza kama kovu. Kwangua kwa mgongo wa kisu, siyo kwa makali, ukivuta polepole. Plastiki laini huacha nyuzinyuzi ikisuguliwa kwa tupa, kwa hiyo hapo tumia kisu kipya na mkono mwepesi. Kwenye vijisanamu vya adui ninatosheka na mishono ya usoni, mabegani na kwenye silaha; ile ya ndani ya miguu hakuna atakayeiona.

Ukinunua vya zamani vya chuma, tahadhari: vingi vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 vina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usivikwangue bila barakoa, nawa mikono baada ya kazi, na watoto wasivichezee.

Mwisho, bandika kila kijisanamu juu ya kizibo au kichupa tupu cha dawa. Utashika kizibo tu hadi mwisho wa kazi, kwa sababu mafuta ya vidole hula rangi mbichi.

Praima

Praima ni tabaka la kwanza linaloshika plastiki ili rangi nyingine zishike juu yake. Usiliruke. Ya kupuliza ina haraka, lakini ina masharti: hewa kavu, mahali pa wazi, umbali wa sentimita 20 hadi 30, na mipulizo mifupi inayopita, siyo kukaa mahali pamoja. Ukiwa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam wakati wa masika, unyevu wa hewa unaweza kuiacha na ukungu mweupe au uso wenye chembechembe kama msasa. Isitoshe, baadhi ya praima za kupuliza hazikauki vizuri juu ya plastiki laini. Hubaki zikinata kwa wiki nzima. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa pwani ni praima ya akriliki ya kupaka kwa brashi. Tabaka mbili nyembamba, na ya pili isubiri ya kwanza ikauke kabisa.

Rangi ya praima ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Nyeusi husamehe, kwa sababu mahali brashi isipofika panabaki kivuli. Nyeupe hufanya nyekundu na manjano zing'ae, lakini kila ulipopasahau panapiga kelele. Njia ninayoipenda ni ya kati: praima nyeusi kote, kisha kwa brashi kavu kijivu kwenye sehemu zote zilizoinuka, kisha nyeupe kidogo kwenye zile tu zinazotazama juu, yaani kichwa, mabega, migongo ya mikono na magoti. Sasa kijisanamu tayari kina mwanga wa jua la utosini kabla hujafungua chupa moja ya rangi. Hapa unaweza hata kuweka chini brashi kwa dakika moja na kukitazama kutoka upande wa pili wa meza. Kikisomeka kikiwa cheusi na cheupe tu, kitasomeka kikiwa na rangi.

Rangi nyembamba

Hili ndilo somo lenye faida kubwa kuliko yote. Rangi ikitoka kwenye chupa ni nzito mno. Kwa zile za chupa za matone, anza na tone moja la rangi kwa tone moja la maji. Jaribu kwenye ukucha wa dole gumba: inapaswa kuteleza bila kukimbia, na kufunika bila kuacha mikwaruzo ya brashi. Tabaka la kwanza litaonekana lina madoa, plastiki ikichungulia. Usiogope na usirudie kabla halijakauka, maana brashi ikipita juu ya rangi nusu mbichi huichana. Subiri, kisha pitisha la pili.

Paleti nyevu itakuokoa, hasa katika miezi ya ukavu kule Nairobi au Arusha ambako tone la rangi hukauka kabla hujamaliza mkono mmoja. Chukua kopo bapa lenye mfuniko, tandika karatasi za jikoni zilizokunjwa mara kadhaa au sponji nyembamba, mimina maji hadi ilowe bila kuelea, kisha funika kwa karatasi ya kuokea keki. Rangi ikikaa juu ya karatasi hiyo hunywa unyevu polepole kutoka chini. Ukifunga mfuniko, mchanganyiko wa leo utautumia kesho. Usiiache wiki kwenye joto, itaota ukungu. Woshi na rangi za chuma usiziweke humo. Zinataka sahani kavu.

Kila mara baada ya kuchovya, gusisha brashi pembeni kwenye karatasi ya jikoni na uizungushe ili ncha irudi. Rangi isipande hadi kwenye shingo ya chuma ya brashi, kwa sababu ikikaukia humo hutanua nywele na ncha haitarudi tena.

Kikosi cha kwanza: viunzi vya mifupa

Usianze na shujaa. Anza na viunzi vinne vya mifupa, kwa sababu mbinu tatu za msingi zinakutana hapo na hakuna uso wa kukutia hofu. Panga vyote vinne mbele yako na ufanye hatua moja kwa wote kabla ya kuingia nyingine. Ukimaliza wa nne, wa kwanza ameshakauka.

1. Paka rangi ya mfupa kote, tabaka mbili nyembamba. Silaha na kitako, yaani kibao cha chini kinachokisimamisha kijisanamu, usivijali.

2. Silaha: paka nyeusi kwenye chuma, kahawia iliyoiva kwenye mpini. Nyeusi ikikauka, fedha juu yake.

3. Mimina woshi ya kahawia juu ya mfupa wote. Lowesha brashi, paka kutoka juu kwenda chini, kisha kausha brashi na uitumie kunyonya madimbwi yanayokusanyika kwenye paji la uso na magotini. Woshi inapaswa kukaa kati ya mbavu na ndani ya macho. Iache nusu saa hadi saa nzima, na usiiguse katikati. Ukiigusa ikiwa nusu kavu itaacha duara chafu.

4. Sasa brashi kavu. Chukua brashi ya vipodozi, chovya kidogo kwenye rangi ya mfupa iliyochanganywa na nyeupe, bila maji, kisha ifute kwenye karatasi ya jikoni hadi ibakie kama haina kitu. Pitisha juu ya mbavu na fuvu kwa kukatisha michongo, siyo kuifuata. Rangi itashika kingo peke yake. Ukiona michirizi ya unga, brashi ina rangi nyingi mno.

5. Kwa namba 0, gusa nyeupe tupu sehemu tatu tu: juu ya fuvu, mifupa ya mashavu na vifundo vya vidole.

Ndani ya jioni moja au mbili una kikosi kizima. Mazombi na maiti wa sanda hufuata njia hiyohiyo. Badilisha tu rangi ya msingi. Kwa sanda, rangi ya mfupa iliyotiwa kijivu kidogo inatosha. Kwa zombi, ngozi ya kijivu-kijani, na woshi ya kahawia iliyotiwa tone la nyekundu pembezoni mwa majeraha.

Maorki na magoblini

Hawa ni 14, na hapa watu wengi huchoka. Wagawe makundi ya wanne au watano. Zaidi ya hapo hatua moja huchukua jioni nzima na hamu hupotea.

Kanuni ya kupaka ni kutoka ndani kwenda nje: ngozi kwanza, kisha nguo iliyo juu ya ngozi, kisha mkanda ulio juu ya nguo, kisha silaha iliyo juu ya vyote. Ukikosea, unakosea juu ya kitu ambacho bado utakipaka.

Ili orki na goblini watofautiane mezani, usitegemee umbo peke yake. Mpe orki kijani kilichoiva, kizito, na goblini kijani chenye manjano mengi. Nguo zao nazo zitofautiane: kahawia na nyekundu iliyofifia kwa maorki, rangi ya udongo kwa magoblini. Mchezaji aliye mbali atajua ni nani aliye mlangoni bila kuuliza.

Jambo la kuzingatia sana katika kuangaza rangi ni hili: nyeupe huua rangi. Ukitaka kijani kiwe na mwanga, ongeza manjano. Ukitaka nyekundu iwe na mwanga, ongeza rangi ya chungwa. Nyeupe itaigeuza waridi. Kahawia iongeze rangi ya mfupa. Na kivuli nacho kisitoke kwenye nyeusi tu. Kijani kivulini hupendeza kikitiwa tone la nyekundu iliyoiva au zambarau, kwa sababu rangi mbili zinazopingana zikichanganyika hutoa giza lenye uhai, si majivu. Jaribu kwenye paleti kabla ya kubisha.

Ukitaka kwenda haraka, kuna rangi za kupenyeza nuru, kama Contrast za Citadel zilizotoka mwaka 2019 na Speedpaint za Army Painter. Moja tu juu ya ile praima ya mwanga na kivuli hutoa rangi, kivuli na mwanga kwa pigo moja. Ni msaada wa kweli kwa vikosi vikubwa. Zina sharti: zipake kwa wingi, haraka, bila kurudia, na nyonya madimbwi. Baadhi huyeyuka upya zikiguswa na rangi yenye maji, basi zipe siku nzima kabla ya kupaka juu yake.

Ngozi ya mashujaa

Hakuna kanuni ya mchezo inayosema mbabe wa upanga awe na ngozi ya rangi gani. Miongozo mingi hueleza ngozi nyeupe kwa kina kisha humaliza ngozi nyeusi kwa sentensi moja ya "tumia kahawia". Matokeo yake ni mashujaa weusi waliopakwa kahawia bapa kama ubao wa mlango. Ngozi yetu ina utajiri mwingi kuliko huo, na inafaa kupakwa kwa heshima.

Msingi: kahawia iliyoiva, tone la nyekundu, na kidogo sana buluu. Nyekundu ndiyo damu iliyo chini ya ngozi. Bila hiyo uso unakuwa mbao. Kwa kivuli, mchanganyiko uleule wenye buluu au zambarau zaidi, uliotiwa maji mengi, uupitishe chini ya taya, chini ya kwapa, kati ya misuli ya tumbo na pembeni mwa pua. Woshi ya kahawia ya chupani huishia kuchafua tu hapa, kwa sababu haina giza la kutosha juu ya msingi uliokwisha kuwa na giza.

Kwa mwanga, panda kwa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza: msingi ulioongezwa rangi ya chungwa kidogo na kahawia nyepesi, upakwe kwenye mashavu, paji la uso, mabega, vifua na mapaja, ukiacha msingi uonekane kingoni. Ngazi ya pili: ongeza rangi ya mfupa, na hapa punguza eneo sana. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa alama ndogo, kali, siyo kwa uwanja mpana. Gusa mgongo wa pua, ncha ya kidevu, juu ya mfupa wa shavu, ncha ya bega na vifundo vya vidole, basi. Usitie nyeupe tupu. Ukiitia, ngozi itaonekana imepauka, haijaguswa na mafuta. Viganja vya mikono, kama vinaonekana, vipe kahawia nyepesi yenye waridi. Midomo kahawia yenye nyekundu. Ni miguso miwili, na ghafla kijisanamu kina mtu ndani yake.

Ngozi ya maji ya kunde hufuata njia hiyohiyo ukianza na kahawia nyepesi na chungwa zaidi. Kwa nyeupe, msingi uwe rangi ya ngozi iliyotiwa kahawia, woshi ya kahawia iliyochujwa kwa maji, kisha mwanga wa rangi ya ngozi na mfupa.

Macho

Kwa umbali wa meza, kivuli kizuri chini ya nyusi kinatosha, na maadui wote wanaweza kuishi bila macho. Kwa mashujaa wanne, kama unataka, fanya macho kabla ya kumaliza ngozi ya uso. Weka mstari mweusi mlalo kwenye tundu la jicho, juu yake mstari mfupi zaidi wa rangi ya mfupa, kisha nukta nyeusi katikati inayogusa kope la juu na la chini. Nukta ikielea katikati ya weupe, shujaa ataonekana ameona jini. Ukipitiliza, funika kingo kwa rangi ya ngozi. Egemeza vifundo vya mikono pamoja juu ya meza; mtetemo mwingi hutoka kwenye viwiko vinavyoning'inia.

Chuma

Askari wa deraya ni kazi nyepesi yenye sura nzuri. Nyeusi chini, fedha juu yake kwa brashi kavu nzito, woshi nyeusi kote, kisha fedha angavu kwenye kingo za mabega, chapeo na makali ya shoka kwa ubavu wa brashi, siyo ncha. Dhahabu haifuniki vizuri juu ya nyeusi, basi itandikie kahawia kwanza, na uitie woshi ya kahawia.

Kitako

Kitako kilichopakwa vizuri hubeba hata kijisanamu cha wastani. Mchezo huu unafanyika ndani ya mashimo ya mawe, kwa hiyo kijivu, woshi nyeusi, na brashi kavu ya kijivu nyepesi vinatosha. Kwa michezo ya nje, paka gundi nyeupe ya mbao, chovya kwenye mchanga laini, acha ukauke, kisha paka kahawia na uangaze kwa rangi ya mfupa. Mchanga wa ufukweni uoshe chumvi na uukaushe kwanza.

Ukingo wa kitako uwe rangi moja kwa kundi zima, nyeusi au kahawia. Katika michezo ambayo maadui wa aina moja wana uhai wa kuhesabiwa, weka nukta ya rangi tofauti nyuma ya kila kitako ili mjue ni yupi aliyejeruhiwa. Mabishano mengi huisha hapo.

Vanishi

Vijisanamu vya mchezo hushikwa, huanguka, hurudishwa sandukuni na mikono yenye mafuta ya karanga. Rangi peke yake haitadumu. Subiri siku moja baada ya rangi ya mwisho, kisha paka vanishi ya akriliki inayong'aa, tabaka moja nyembamba. Hiyo ndiyo ngumu. Ikikauka, funika na isiyong'aa ili kuua ule mng'aro wa plastiki. Chupa ya isiyong'aa itikise sana, kwa sababu unga unaozima mng'aro hutuama chini, na usiipake nene, maana mashimoni itaacha utando wa maziwa. Ile ya kupuliza ina sharti lilelile la unyevu, na hapa hatari ni kubwa zaidi kwa kuwa kazi imeshakamilika. Baada ya yote, rudisha tone la vanishi inayong'aa mahali panapopaswa kuonekana pamelowa: macho, ulimi wa gagoili, damu ya zombi.

Kuvua rangi na kuanza upya

Kijisanamu kilichopakwa vibaya, au ulichonunua mkononi kikiwa na rangi nene ya mtu mwingine, hakijapotea. Spiriti ya isopropili kutoka duka la dawa huvua akriliki baada ya kuloweka saa kadhaa; jaribu kwanza kwenye kitako, kwa sababu si kila plastiki huivumilia. Dettol ya kahawia nayo imetumiwa kwa miaka mingi na wapaka rangi wa Uingereza. Loweka kwa saa 24 bila kuichanganya na maji, vaa glavu, na usugue kwa mswaki ndani ya Dettol yenyewe. Usikimbilie bomba: maji yakikutana na rangi iliyolainika kabla hujaisugua yote, huigeuza kitu kinachonata kama lami. Rangi yote ikishatoka, ndipo osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, kausha usiku kucha, na kirudishe kwenye kizibo kwa praima mpya.